Vidole Vilijua

Harufu ya dawa ya kung'arishia shaba ni kali. Inapanda puani, inashuka kooni na kukaa hapo. Kila Jumapili jioni nyumba yetu katika kambi ya polisi, Nsambya, ilinuka hivyo. Baba alikuwa koplo, mpiga tarumbeta katika bendi. Alitandika gazeti kuukuu sakafuni, akavuta kigoda, akaisugua tarumbeta yake kwa kipande cha fulana mpaka ukaweza kuona uso wako ndani yake. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: upande huu wazazi, upande ule mimi, masufuria na sare za baba zilizotundikwa msumarini. Wala msinionee huruma. Watoto wote wa kambini tuliishi hivyo, wa kutoka kaskazini kama sisi na wa kutoka kwingine, na lugha yetu sote ilikuwa Kiswahili kile cha askari kinachowachekesha Wakenya mpaka leo.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi, shule zimefungwa, siku ambayo baba aliamka, akauliza chai iko wapi, akanywa, akaweka kikombe chini, akauliza tena chai iko wapi. Mama alidhani anamtania, maana baba alikuwa na utani mwingi. Alipouliza mara ya tatu, mama alikaa kitandani kwa ghafla. Hospitalini daktari alisema ni kiharusi kidogo. Mimi niliyajua maradhi hayo kwa jirani aliyepooza upande mmoja, kwa hiyo nilimkagua baba kama mtu anayenunua mbuzi. Mikono mizima, miguu mizima, mdomo haukupinda. Alinijua, alimjua mama, alijua namba yake ya kazi na majina ya wajomba zangu wote. Kitu kimoja tu kilikuwa kimekatika: jambo jipya halikukaa. Ulimwambia, akakujibu vizuri, ukigeuka kuchota maji na kurudi, lilikuwa limekwenda zake.

Siku hizi kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya mwili, na kile kilichokatika kwa baba nakiona karibu kila siku, kikiwa kizima, katika vichwa vya watu wengine. Kinaitwa foniksi. Ni kifungu cha nyuzi nyeupe za neva, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kinaanzia kwenye hipokampasi, ndani ya ubongo usawa wa masikio, mahali ambapo mambo mapya hupokelewa. Kinapanda kwa nyuma, kinajipinda kuja mbele kama kishikio cha ndoo, kisha kinateremka mpaka kwenye vinundu viwili vidogo chini ya ubongo. Kutoka hapo habari hupelekwa thalamasi, katikati ya ubongo, halafu kwenye ganda la juu, kisha hurudi ilikoanzia, na katika mzunguko huo ndipo jambo la leo linapopata nafasi ya kuwa jambo la jana. Ubaya wake ni kwamba vile vifungu viwili vinapofika mbele vinabanana, vinakunywa damu ya mshipa mdogo uleule. Mshipa ukiziba, vyote viwili vinakwenda pamoja. Naeleza haya bila kutetemeka sauti. Wenzangu kazini husema nina moyo mgumu. Si ugumu, ni ganzi, na ilinianza likizo ile.

Sheria ya kambi ilikuwa rahisi: nyumba ni ya mtumishi. Asipokuwa kazini, hana nyumba. Mama alinieleza hivyo akikoroga posho, ugali wetu wa kambini, hakuinua macho. Kwa hiyo kazini ugonjwa tuliuficha. Nyimbo za zamani baba alizipiga kama kawaida, na Baba Zawadi, jirani yetu aliyepuliza tuba, ile tarumbeta kubwa ya sauti nzito, alimpitia kila asubuhi, akamkalisha kitini pake na kumnong'oneza kinachofuata. Tungeweza kwenda hivyo miaka. Bahati mbaya mkuu wa bendi alileta mwendo mpya, wimbo wa gwaride, na tarumbeta ndiyo iliyouanza peke yake.

"Baba yako akishindwa hii, tunatoka," mama aliniambia. "Wewe huna shule. Kaa naye."

Baba Zawadi aliurekodi mwendo ule kwenye simu yake ndogo akatuachia. Kila alasiri tulikaa nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo. Nilibonyeza simu, baba akasikiliza, kichwa kimeinama. "Nzuri hii," alisema. "Ni mpya?" Nikamwambia ndiyo. Akajaribu, akakosea, akacheka. Kesho yake nilibonyeza tena. "Nzuri hii. Ni mpya?" Mwanzoni nilimweleza kwamba tumeipiga jana, akanitazama kwa aibu, kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji. Nikaacha kumweleza. Nikasema ndiyo, ni mpya, kila siku, kwa sauti ileile. Sikulia. Nilikuwa nakaa pale nikiziangalia nguo zinavyokauka, sihisi kitu, hata njaa.

Halafu vidole vikaanza. Sijui ilikuwa siku gani. Nilishtukia tu kwamba vimetangulia simu. Baba alikuwa anasema hajawahi kuusikia mwendo huo, na huku vidole vyake vinabonyeza sauti inayofuata kabla haijatoka. Mwenyewe alishangaa. "Mama, hii rahisi sana," alinambia. Aliniita Mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Inakwenda tu yenyewe." Baadaye kazini nilikuja kujifunza kwamba ustadi wa vidole hauna haja ya foniksi, una njia zake nyingine ndani kabisa ya ubongo, na hizo kwa baba zilikuwa nzima. Wakati ule sikujua lolote. Niliona tu kwamba nyumba yetu imepona. Mama alisimama mlangoni na beseni la nguo, akausikia mwendo wote mpaka mwisho bila kosa, akarudi ndani kupika wali siku ya katikati ya wiki.

Siku ya mazoezi ya mwisho familia ziliruhusiwa kutazama. Baba alisimama mbele, akainua tarumbeta, akaanza peke yake, safi, mpaka ngoma zikaingia. Mkuu wa bendi alifurahi waziwazi.

"Koplo, umefanya mazoezi, eh? Nani alikufundisha?"

"Hapana, afande. Hii leo ndiyo mara ya kwanza nasikia."

Bendi yote ikacheka. Mkuu naye akacheka, akamuuliza kwa utani, "Na jana tulipiga nini hapa?"

Baba alisimama wima. Angeweza kubahatisha. Angeweza kusema lolote. "Sijui, afande," alisema. Kicheko kiliisha kidogokidogo, kuanzia kwa waliokuwa karibu. Tulivifundisha vidole kila alasiri, na hatukuwaza kwamba kuna mtu atauliza mdomo. Mama alikuwa amenishika mkono, akauachia. Nilimchukia baba pale pale, kwa muda mfupi, kwa kushindwa kusema uongo mmoja mdogo. Kisha chuki nayo ikanitoka, ikabaki ganzi. Mkuu hakufoka. Alimwekea baba mkono begani, akamtembeza pembeni taratibu, na madaktari wakafanya kazi yao. Alistaafishwa kwa ugonjwa. Kabla shule hazijafunguliwa vizuri tulikuwa tumehamia Kawempe, upande wa pili wa jiji, chumba cha kupanga.

Tungali Kawempe, sasa vyumba vitatu, nalipa mimi. Mama anauza mkaa kibarazani. Baba ana mvi, ana afya, na mara kwa mara ananitazama na kuniuliza, "Mama, umekuwa mkubwa hivi lini?" Namjibu ni jana. Watu wa rika langu hulalamika kwamba kambi imebadilika, kwamba utoto wetu umekwenda. Wangu ulikwenda na mimi ninajua ulivyokwenda. Kwa baba haujakwenda popote. Kila jioni, jua likianza kushuka, anasimama, anavaa viatu, anamshukuru mama kwa chakula kama mtu aliyetembelea, na kusema twendeni nyumbani, Nsambya mbali. Mwaka wa kwanza mama alimweleza ukweli. Kila alipoelezwa, ilikuwa mara ya kwanza kusikia. Alikaa chini, akauliza, "Nimekosa nini?" Kesho yake tena, nimekosa nini. Mama alishindwa, kazi hiyo ikawa yangu.

Basi mimi namwambia mvua inanyesha, hata kama nje ni kukavu, tungoje ikatike. Anasema sawa, anavua viatu, anavipanga karibu na mlango na kukaa. Dirisha liko hatua chache kutoka kiti chake. Miaka yote hii, hajawahi hata siku moja kunyanyuka kwenda kuangalia.