Ndugu wa Kukodi

Basi la Iringa liliondoka tukiwa tumefumba macho. Nilisikia injini ikinguruma, nikasikia konda akipiga bodi, nikajua kabisa kinachotokea, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshikwa. Mmoja ulishikwa na mama mjane aliyeuza ndizi sokoni Mbeya, mwingine na fundi seremala wa mtaani kwangu, na mama alikuwa bado anaiombea safari. Alikwisha kuombea injini. Alikwisha kuombea matairi. Sasa alikuwa kwenye miteremko.

"Amina," akasema hatimaye, akafumbua macho. "Basi liko wapi?"

"Limekwenda, mama!"

"Bila sisi?"

Nilitaka kulia. Saa nane mchana wa siku ile, baba wa binti niliyempenda alikuwa ananingoja kwake Iringa nifike na ndugu zangu, waje kuniposea.

Ndugu sikuwa nao. Wazazi wangu walikwisha kufariki, na baba mdogo kule Tukuyu, alipoelezwa, aliuliza, "Mhehe wa nini? Wanyakyusa wameisha?" akarudi kwenye migomba yake. Mzee wa Iringa naye alituma neno: "Aje na ndugu zake. Akija na watu wa kukodi, watatoka kwa mlango ule ule." Jirani yake alikuwa ameozesha binti kwa kijana aliyeokota wajomba kilabuni, na harusi ilipokwisha wajomba hawakuonekana tena.

Nilichokuwa nacho ni hawa wawili wa ushirika wetu wa sala wa Alhamisi. Nilihamia Mbeya mwanzoni mwa miaka ya sabini nikiwa na sanduku, taa ya chemli na riwaya isiyokwisha, nikitaka kuachwa peke yangu. Hawakuniacha. Walibisha hodi asubuhi, ukungu wa mlima Loleza ukiwa bado umelala juu ya mabati, wakaimba mlangoni kwangu kwa sauti nne mpaka wahusika wa riwaya wakanikimbia kichwani. Mama alizisoma kurasa zangu, akauliza mbona humo hakuna mtu anayekula. Waliniudhi kila wiki, na kila Alhamisi nilikuwa wa kwanza kufika, kwa sababu walipoanza tu kuimba, kitu ndani yangu kilichokunjamana kama shati la sandukuni kilinyooka. Na ndiko nilikomkuta yule binti, mwanafunzi wa uuguzi, akiimba sauti ya pili.

Tulipata lori la viazi. Juu ya magunia nikawasihi: "Akiuliza, wewe mama ni shangazi, wewe fundi ni mjomba. Basi. Neno moja moja tu."

"Nimdanganye mzee wa watu," mama akasema, "na safari nimeiombea?"

"Safari ipi, mama? Ile iliyotuacha?"

Fundi alicheka mpaka upepo ukamchukulia kofia. Lori liliposimama Mafinga kuongezwa maji, akateremka "nusu dakika tu" kuangalia mbao. Dereva alipiga honi, akapiga tena, nikamfuata mbio. Nilimkuta kwenye kiwanda cha mbao amepiga magoti, ananusa ubao wa msonobari kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto mchanga.

"Njoo unuse, kijana. Hiki ndicho kitanda chako cha harusi."

"Harusi gani, baba! Harusi gani!"

Watu ninaowasimulia habari hii hungoja niwaambie kwamba basi lile lilipinduka. Halikupinduka. Lilifika salama, mapema, na abiria wake wakala chakula cha mchana.

Sisi tulifika jua likiegemea vilima, tumepakaa vumbi la viazi hadi kwenye kope. Mzee alikuwa amesimama uani. Nyuma yake mkewe alikuwa anaondoa viti.

"Kamwene," fundi akasalimu kwa Kihehe alichofundishwa na dereva.

Mzee hakuitikia. "Nilisema saa nane." Akatukagua mmoja mmoja. "Ninyi ni nani wake?"

Nilimtazama mama kwa macho ya kuomba.

"Si wa damu," akasema, waziwazi kama anayetaja bei ya mkungu. "Tunasali naye."

Mzee akanyoosha mkono kuelekea njia tuliyojia.

Desturi inamtaka mposaji anyamaze. Mimi nilipasuka. "Neno moja tu nilikuomba, mama! Na sala zako ndizo zilizotuchelewesha!"

"Sala zangu? Muulize fundi na mbao zake!"

"Mbao ilikuwa nusu dakika," fundi akasema. "Wewe uliombea tairi moja moja, mpaka la akiba!"

Mama akanigeukia. "Na wewe usinipandishie sauti, mwanangu. Homa ilipokushika, nani alikaa akikukanda? Hebu simama wima. Unakuja ukweni na uso huu?" Akatemea mate ncha ya khanga yake, akanikamata kidevu, akaanza kunisugua shavu mbele ya mkwe.

"Mama, acha!"

"Tulia!"

Nilipoweza kugeuza shingo, nilimwona mzee ameshusha mkono. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Rudisha viti," akamwambia mkewe.

"Si umesema ni wa kukodi?"

"Wa kukodi wangewahi," akasema mzee. "Na nani anakodiwa kumfokea mtu namna hii? Karibuni. Kamwene."

Jikoni kikapasuka kicheko ambacho ningekijua popote. Ilikuwa sauti ya pili.

Ugali uliletwa ukifuka mvuke, nasi hatukuwa tumekula tangu alfajiri. Nikanyoosha mkono.

"Kwanza tuombe," mama akasema.

Akashukuru kwa lori, kwa dereva, kwa kila gunia. Mzee, Mkatoliki, alifanya ishara ya msalaba, akasubiri, akaifanya tena. Mvuke ukapungua, ukakoma. Nikasema "amina" kwa sauti, sala ikiwa bado Mafinga, na mama, bila kufumbua macho, akanifinya.