Gaudiosus na Walimu Waliomkimbia

Kahigi, aliyekuwa mume wangu, alinifukuza mwaka ule ule migomba niliyompandia ilipoanza kuzaa, akamwingiza mke mwingine aje kula mikungu. Kwa hiyo sina haraka ya kumsifu mwanamume. Gaudiosus namsifu kidogo, tena kwa sababu.

Alikuwa msimamizi wa shule za misheni upande wetu wa Nyakatuntu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mtu mrefu, akipanda baiskeli magoti yanapita usukani. Walimu walimkimbia kabla ya kumjua. Msimamizi aliyemtangulia alikuwa akikaa darasani kimya, akiondoka mwalimu anaambiwa arudi kulima.

Mdogo wangu Desderius alikuwa mwalimu, nami nililala jikoni kwake. Mkewe Eustadia alikuwa ameshanieleza kwamba Desderius akiachishwa kazi, mdomo wa kwanza kupunguzwa pale nyumbani ni wangu.

Siku baiskeli ilipoonekana kilimani, Desderius aliwaambia wanafunzi ana homa, akaja mbio nyumbani, akajitosa kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe. Nikamfunika kwa majani ya migomba. Shimo lilikuwa limefukizwa moshi asubuhi hiyo.

Gaudiosus akafika. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mwalimu anaumwa, amekwenda hospitali."

Shimo likakohoa.

Gaudiosus aliketi ukingoni, akatoa buni za kutafuna, akapenyeza chache kati ya majani. Mkono ukatoka, ukazipokea.

"Huko chini kuna joto, Mwalimu?"

"Lipo, Bwana Msimamizi."

"Mimi nilipokuwa mwalimu nilijificha kwenye banda la ndama. Walinilamba mpaka nikacheka, nikakamatwa. Kesho sitakukagua. Nitafundisha mimi, wewe ukae nyuma uniangalie nitakapokosea. Sasa toka, usije ukaiva kabla ya ndizi."

Asubuhi nilipeleka maji shuleni, nikachelewa kuondoka dirishani. Gaudiosus alikuwa anafundisha hesabu za sehemu, nusu na robo.

"Tukimkata ng'ombe mmoja vipande vinne sawa," alisema.

Watoto wa wafugaji wakakunja nyuso. "Ng'ombe wa nani?" mmoja akauliza.

"Yeyote."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Hakuwa anaumwa."

Binti wa mbele akaanza kulia. Mwenzake akataka kujua kama mwenye ng'ombe ameshapata habari.

Desderius alivumilia, akashindwa. "Bwana Msimamizi, mwache ng'ombe wa watu aishi. Wagawie maziwa."

"Njoo basi uwagawie wewe," Gaudiosus akasema, akaenda kuketi kwenye gogo la nyuma.

Desderius aligawa vizuri, mpaka alipojumlisha nusu kibuyu na robo kibuyu, akapata theluthi. Maziwa yaliongezwa yakapungua. Nilimwona Gaudiosus akifungua mdomo, akaufunga. Alisubiri mtoto wa mwisho aondoke. Kisha akanituma maziwa nyumbani, akatia nusu kibuyu, akaongeza robo; kibuyu kikakaribia kujaa.

Desderius akakitazama sana kile kibuyu. "Nimewafundisha hivyo miaka yote," alisema. Kahigi hakuwahi kukiri hata kupotea njia.

"Utamwambia padri?" Desderius akauliza.

"Nitamwambia sehemu zinatusumbua, wewe na mimi. Jumatatu narudi."

Alimwambia padri hivyo hivyo. Desderius akabaki kazini, nami jikoni.

Gaudiosus aliendelea kuja, mpaka msimu wa mvua alipochelewa. Desderius akawa anachungulia kilimani kila saa.

"Dada, nenda Rubwera," akaniambia. "Mwambie Bwana Msimamizi desimali zimenishinda. Aje anione nikifundisha."

Nilikwenda kwa miguu, nikinung'unika njia nzima. Nilimkuta uani kwake, baiskeli imepinduliwa na gurudumu limefunguliwa, mikono myeusi kwa mafuta.

"Amesema mwenyewe nije nimwone?"

"Kwa mdomo wake."

Aliliacha gurudumu pale pale chini, akanawa mikono, tukaondoka kwa miguu.