Foleni Iliyohamia Hema la Pili

Kabla ya yule msichana kuja, foleni ilikuwa yangu. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ndivyo nilivyoihisi. Mwanzoni mwa 2008, watu waliofukuzwa mashambani baada ya uchaguzi walipojaa kwenye uwanja wa maonyesho hapa Nakuru, mimi ndiye niliyewekewa meza kwenye hema la kwanza. Katika ofisi yetu ya ustawi wa jamii hakuna aliyekuwa amekaa miaka mingi kunishinda. Kazi yangu ilikuwa watoto waliopotezana na wazazi wao. Nilikuwa na kaunta buku moja nene, kalamu mbili na thermos ya chai.

Sikumwandika mtu akiwa amesimama. Nilimketisha, nikammiminia chai kwenye kifuniko cha thermos, nikamwacha aseme. Ukimwuliza mama aliyeona nyumba yake ikiungua, "Mtoto anaitwa nani, ana miaka mingapi?" atakujibu hayo mawili kisha anyamaze. Ukimwacha na chai, atakwambia mtoto alirithi jina la nani, anaogopa mbwa wa aina gani, na alilala upande upi wa kitanda. Yote niliyaandika. Wenzangu walinicheka, wakasema madam haandiki rejista, anaandika umbea.

Mwezi wa pili, shirika fulani likatuletea msichana kutoka Nairobi. Alikuwa na digrii, raba nyeupe, kompyuta ndogo ya kufungua na kufunga kama kitabu, na kamera isiyohitaji filamu. Wakamtundikia taa na kumwekea jenereta kwenye hema la pili, hatua kama ishirini kutoka kwangu. Kila mtoto aliyeandikwa alipigwa picha, na picha akaiona papo hapo nyuma ya kamera. Kufikia saa nne siku hiyo ya kwanza, foleni ilikuwa imehamia kwake. Kina mama niliowapa chai yangu walinipita wakinisalimia kwa adabu, "Sasa madam," huku macho yao yako kwenye jenereta. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajisemea, nikamimina chai nikainywa peke yangu.

Mkubwa wetu, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kufungua kitabu changu hata kwa bahati mbaya, alisimama nyuma ya kiti cha yule msichana, akaomba apigwe picha akielekeza kidole kwenye kioo cha kompyuta. Roho iliniuma. Iliniuma kwelikweli, hata nikakosa hamu ya kula githeri yangu mchana.

Na lililonikera zaidi ni kwamba msichana mwenyewe alikuwa na tabia nzuri. Angekuwa na madharau ningemchukia vizuri na kulala usingizi. Lakini aliniletea mandazi. Aliniita madam, akanipokea mkoba. Akaja mezani kwangu akaomba kitabu, ili ayaingize yaliyomo kwenye kompyuta.

Nilikaa kando yake nikimwona akiandika. Vidole vilikwenda mbio. Ukurasa niliouandika kwa nusu saa, ukiwa na machozi ya mtu, aliumaliza kabla sijafunga kalamu.

"Na hii ingine yote?" nikamwuliza, nikionyesha maandishi yangu ya pembeni. "Inaingia wapi?"

"Haina mahali, madam. Kuna nafasi ya jina, miaka, kwenye ametoka, na kama amepatikana. Hiyo tu."

Nikachukua kitabu changu nikakitia kwenye mkoba. Usiache mbachao kwa msala upitao, nilitaka kumwambia, lakini nilijua angeniuliza mbachao ni nini.

Jumanne moja alichapisha orodha mpya. Akaileta mezani kwangu ingali na joto la mashine.

"Nimetoa majina zote zilikuwa zimeandikwa mara mbili," akasema. "Zilikuwa nyingi ajabu. Na yule mama ako Gilgil, mwenye alikuwa anatafuta mtoto wa Olenguruone, nimemtumia meseji. Amejua mtoto alichukuliwa na shangazi yake, wakaenda Nyahururu."

Ni kweli watu walijiandikisha mara mbili, huku na kanisani, wapate blanketi la pili. Nani angewalaumu? Lakini mimi niliisoma orodha ile kwa jicho la mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Nikalipata jiwe.

Kwenye kitabu changu, msichana wa Olenguruone hakuwa mmoja. Walikuwa wawili. Baba zao ni ndugu, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Kila ndugu alimpa bintiye jina la mama yao, lile la nyumbani na lile la ubatizo, na jina la ukoo ni moja. Umri wao ni miaka saba. Shamba ni lile lile. Mmoja alichukuliwa na shangazi wiki ya kwanza. Wa pili alikuja siku kadhaa baadaye, ameshikwa mkono na mama jirani, na hata dakika ile tukiongea alikuwa nyuma ya mabanda ya ng'ombe, kwenye hema la huyo jirani, akisubiri mamake, ambaye ndiye huyo wa Gilgil. Kompyuta ilikuwa imewafanya mtoto mmoja. Si kosa la yule msichana wa kompyuta kwamba kwa watu wa kwao mtoto hupewa jina la mvua au la alfajiri aliyozaliwa.

Nilifungua mdomo nimwambie. Hapo ndipo mkubwa akaingia, akachukua orodha, akaipunga hewani.

"Unaona, madam? Siku mbili tu. Kwa ile kitabu yako hii ingekuwa kazi ya mwezi."

Nikafunga mdomo.

Kulikuwa na mkutano Alhamisi ya wiki iliyofuata, na wageni wa shirika wangekuja kuiona kompyuta ikifanya kazi. Nikaamua nitasema siku hiyo. Nitasimama na kitabu changu, nisome ukurasa ule polepole. Nilitaka aanguke mbele ya watu. Nilijiambia mtoto ana chakula, ana blanketi, ana mtu wa kumlaza, na siku chache si kitu. Wivu una hesabu zake, na zote hutoka sawa.

Jumamosi yule mama jirani alikuja mezani kwangu akiwa na mtoto.

"Madam, bado hamjapata habari ya mama ya huyu?"

Nilijua mamake yuko Gilgil. Nilijua hata amedanganywa nini. Mtoto alikuwa akinitazama, ameuma pindo la sweta. Nikasema, "Mambo ya kutafuta siku hizi iko kwa kompyuta. Ulizeni hapo."

Wakaenda wakapanga foleni. Nikawatazama wakisogea. Walipofika mbele, msichana akaangalia kioo, akamwambia mama kwa upole kwamba mtoto wa jina hilo alishachukuliwa na shangazi.

"Na huyu nimeshika ni nani?"

Msichana akaangalia tena. Labda amekosea jina, akasema. Kuna watu wanaleta watoto wa wenyewe ili waongezewe vitu, akasema, si kwamba yeye ni mmoja wao. Mama alimwinua mtoto akambeba mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka saba, akapita mbele ya meza yangu bila kuniangalia.

Jumapili nilikwenda nyuma ya mabanda. Mahali pa hema palikuwa na mraba wa nyasi zilizolala, na mwanamke wa hema la kando akaniambia wameondoka, yule mama hakuaga, alisema tu hakai mahali anaitwa mwizi wa watoto. Nikarudi mezani nikafungua ukurasa wa mtoto. Lakini sasa kusema kulikuwa na maana nyingine, kwa sababu wangeniuliza nilijua lini. Jumatatu nikanyamaza. Jumanne pia.

Jumatano, siku ya tisa, mwanamke mmoja aliingia hema la pili akiwa na tope la Nyahururu hadi magotini. Hakupanga foleni.

"Mtoto mmenituma niende nimchukue si wangu," akasema. "Ni wa shemeji yangu. Wangu ako wapi?"

Sauti haikuwa ya juu. Foleni yote ikageuka kumtazama. Msichana alikuja kwangu mbio, uso umebadilika rangi.

"Madam, nisaidie. Kitabu chako kiko hapa?"

Nikakifungua. Sikuhitaji kuutafuta ukurasa. Pembeni, kwa mwandiko wangu, ilikuwa imeandikwa kwamba jirani aliyekimbia na mtoto ana kaka anayeuza viazi sokoni Dundori, mwenye mguu mfupi. Tuliondoka kwa gari la ofisi, mimi, msichana na mama huyo, ambaye njia nzima alishikilia mlango kana kwamba gari lingesimama kabla ya kufika. Sokoni tulitaja mguu mfupi tu, tukaelekezwa nyumbani kwake.

Mtoto alikuwa mlangoni mwa jiko akimenya viazi. Alimwona mamake akaweka kisu chini. Hakukimbia. Mama ndiye aliyekimbia.

"Walisema mimi nilishachukuliwa," mtoto akamwambia, akiwa bado ameshika kiazi.

Jirani alitusalimia kwa mkono, mimi na mama wa mtoto. Mkono wa msichana wa kompyuta hakuupokea.

Alhamisi wageni walikuja. Msichana alisimama bila kuombwa, akaeleza kosa lote, akasema ni lake, kwamba hakujua desturi na hakuuliza mtu anayeijua. Machozi yalimtoka mbele ya wageni, akayafuta kwa mkono wa shati. Akasema ameongeza nafasi mbili kwenye kompyuta, moja ya mtoto amepewa jina la nani, nyingine ya kila kitu ambacho mtu amesema, na angependa madam akae naye meza moja. Mkubwa alipiga makofi. Kitabu changu kilipita mikononi mwa wageni, na mmoja akasema hajawahi kuona kazi kama hiyo. Nilipata kila kitu nilichokitaka, na sitadanganya, kilikuwa kitamu.

Baada ya mkutano mama wa mtoto alikuja kuaga kabla ya kurudi Gilgil. Mtoto alikuwa amemshika sketi kwa mikono miwili. Foleni ilikuwa imerudi mbele yangu, watu wakitazama. Akachukua mkono wangu.

"Mungu akubariki, madam. Hiyo mashine haikumjua mtoto wangu. Ni wewe ulimjua."

"Ni kazi tu, mama," nikamjibu.

Na ni kweli nilimjua. Nilimjua siku zote tisa.