Kanga Katikati ya Picha

Nilipotoka Kenya kwenda Tukuyu kufundisha fizikia, nilijihesabu kuwa mpiga picha. Ushahidi wangu ulikuwa kamera ya mitumba na mkanda wake wa ngozi, ambao nilihakikisha unaonekana. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kufika madukani, na pembeni ya sabuni za kila rangi filamu nazo zikawa zinapatikana. Zangu karibu zote nilizimalizia kwenye Mlima Rungwe. Picha za kwanza ziliporudi kutoka Mbeya, mlima haukuwamo. Kulikuwa na ukungu, umepigwa kutoka pande mbalimbali.

Mama mmoja kutoka kijiji cha Kisondela, aliyekuwa akiniuzia maziwa, alizitazama kwa heshima zote. "Mwalimu, ukungu umetoka vizuri," akasema, kisha akanieleza shida yake. Mumewe alikuwa anakwenda Mbeya kupasuliwa tumbo. Kabla ya safari alitaka picha akiwa na mjukuu wake wa kwanza, ili mtoto aujue uso wa babu hata kama babu hatarudi.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Filamu ya mwisho, iliyokuwa kamerani, ilikuwa imebakiza picha moja; nyingine zote mlima ulishazila. Mzee alikuwa ameketi mbele ya migomba, kavaa koti jeusi na tai. Mtoto alipowekwa mapajani mwake alilia mpaka kuku wakatawanyika. Bibi akambembeleza, wapi!

"Mama yake yuko wapi?" nikauliza, kama mtu mwenye akili. "Aje asimame hapa, karibu na baba."

Mzee akainamia viatu vyake. Mkewe akajifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Mwe, mwalimu! Unataka kutuvunjia nyumba?"

Ndipo nikaelezwa kwamba kwao mke wa mwana hamkaribii baba mkwe, hamtazami, wala hatazamwi naye. Ni heshima, na huishika hata njiani. Kumbe! Mara nyingi nilikuwa nimeona wanawake wakiacha njia ghafla na kujitosa migombani, nikadhani wananikimbia mimi na kamera yangu.

Mtoto aliendelea kulia. Mara sauti ikatoka nyuma ya jiko: "Mama, shika kanga!"

Bibi akaelewa papo hapo. Alisimama nyuma ya kiti, akanyoosha mkono mbele, kanga ikaning'inia mpaka chini kama pazia ubavuni mwa mzee. Mzee akafumba macho. Tukasikia hatua za haraka, na mwanamke kijana akapiga magoti upande wa pili wa pazia. Mkono wake ukapenya chini ya kanga, ukaushika mguu wa mtoto. Kilio kikakatika.

"Tayari, baba," bibi akasema.

Mzee akafumbua macho na kunikazia mimi tu, maana hakuwa na pengine pa kutazama. Nikabonyeza.

"Umepiga kweli?" bibi akauliza. "Au ni ukungu tena?"

Swali hilo nilikaa nalo mpaka filamu iliposafishwa Mbeya. Kulia alikuwapo mzee na mjukuu aliyetulia. Kushoto, mkwewe anatabasamu kwa raha ya mtu asiyetazamwa. Kati yao, kanga. Tangu hapo nimesifiwa mara nyingi kwa jinsi nilivyoipanga picha ile, na mara nyingi nimeitikia asante.

Mzee alirudi kutoka hospitali, amekonda lakini anatembea. Nilipompelekea picha, mkewe aliipokea kwanza, akaikunja palepale penye kanga, akampa upande wake. Ukingoni vilibaki vidole vilivyoshika mguu wa mtoto. Bibi akaweka dole gumba lake juu yavyo, akaliacha hapo.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu.

"Na upande wa pili?" akauliza. "Umetoka?"

"Ametoka vizuri sana," bibi akamjibu.

"Ndaga," mzee akasema. Asante. Aliisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, bila kugeuza kichwa, na kule jikoni, alikokuwa mkwewe, sufuria zikanyamaza.