Mtakatifu Asiye na Miguu

Huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Nilipokuwa Jeddah, Wakenya tulijazana chumba kimoja mtaani Bani Malik, tukafunga madirisha na kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Kisha kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini kuja huku, akanihamishia Riyadh, nilinde geti la nyumba za kupanga mtaani Al-Suwaidi. Hapa niko peke yangu. Mtu akiimba peke yake hujiona kichaa, kwa hiyo nimeacha.

Binti yangu nilimwacha akitambaa, na likizo zangu zote nimezigeuza karo. Sasa anajiandaa kwa kipaimara, na katekista amempa kila mtoto mtakatifu wa kumsimulia. Alinitumia picha ya wake: sanamu ya jiwe iliyochongwa Ujerumani karne nyingi zilizopita, ya askari aliyeuawa kwa kukataa kuwaua Wakristo wenzake.

"Baba, huyu anakaa wewe tu," aliandika.

Nisidanganye, nilivimba kichwa. Watakatifu wa kanisani kwetu ni weupe kama chaki, kumbe kuna fundi Mzungu wa kale aliyemchonga Mwafrika hasa: pua pana, midomo minene, macho ya mtu aliyekesha. Kofia yake ya minyororo imembana hadi kidevuni kama yangu ya sufu wakati wa baridi. Mkono umekunjwa kushika mkuki, ila mkuki wenyewe ulishapotea. Nikacheka, maana hata mimi wamenipa lindo bila rungu.

Kutwa nilitembea kifua mbele. Jioni nikampigia simu ya video, nikitaka anisifu tena.

"Tunafanana pua, ama macho?"

"Ni miguu, Baba. Yake ilivunjika, anaishia magotini. Na wewe sijawahi kukuona miguu."

Iliniuma, tena sana. Miaka yote hiyo nimekuwa kichwa na mabega tu kwenye simu, na bado najiita baba wa mtu.

"Ngoja," nikamwambia. Niliegemeza simu kwenye chupa ya chai juu ya kiti changu, nikaanza kurudi kinyumenyume.

"Unaiona?"

"Bado!"

Nikapita geti, nikashuka barabarani, nikazidi kurudi, kisha nikasimama wima, mikono ubavuni. Alisema kitu. Nilisikia sauti yake, lakini nilikuwa nimeshafika mbali, maneno sikuyapata.