Rangi ya Klasta

Hulda Jepchumba aliporudi kutoka mafunzoni Eldoret, hakushikika. Wiki tatu nzima alikuwa amekaa katika ukumbi wa hoteli akifunzwa kusimamia klasta, yaani kuwaunganisha watu wa biashara moja katika eneo moja ili wasisukumwe nje ya soko na watu wa maeneo mengine. Yeye alikabidhiwa viazi vya Burnt Forest. Alizaliwa huko, akasomea huko. Nani tena angemfundisha habari za watu wa huko?

Mkufunzi alisisitiza jambo moja: mjue kila mwanachama na mahali alipo. Hulda, mwenye bidii kupita kiasi, hakutosheka na kuchora ramani kwenye karatasi. Jumatatu alinunua mikebe miwili ya rangi, akapita lango kwa lango akiandika nambari, kijani kwa wakulima, nyekundu kwa wenye stoo. Aliowakuta aliwaeleza. Wengi hawakuwepo, maana ilikuwa siku ya soko, na kwao aliandika tu akaenda zake.

Mkutano wa kwanza ulikuwa kesho yake saa tatu asubuhi. Wakulima walijaa ukumbini. Mwenye stoo hata mmoja hakufika, na bila stoo hakuna klasta, kwa sababu viazi vitaozea shambani. Hulda alimkasirikia Mama Nyaguthii kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyeahidi kuwaleta wenzake. Alifunga safari hadi kwake, maneno yakiwa tayari mdomoni.

Alimkuta langoni akisugua ile nambari kwa kitambaa na mafuta ya taa.

"Mama, mbona unafuta? Hiyo ni ya klasta. Red ni ya wenye stoo."

"Na wenye stoo ni akina nani, Hulda?"

Hulda alianza kuwataja. Alipofika jina la nne ndipo alipotambua. Wote walikuwa Wakikuyu. Malango ya kijani yote yalikuwa ya Wakalenjin wenzake. Mwaka wa vita vya baada ya uchaguzi alikuwa darasa la saba. Aliziona nyumba zilizochomwa na zile zilizorukwa, na alijua vizuri kwamba alama langoni ndiyo iliyozitenganisha.

"Najua hukuwa na nia mbaya," Mama Nyaguthii alisema bila kuacha kusugua. "Lakini jana nimetoka soko nikapata hii kitu hapa. Wajukuu wangu nimewatoa usiku huo huo, wamelala Nakuru."

"Nisamehe, Mama. Lete nikusaidie."

"Yangu nitamaliza. Enda kwa hao wengine."

Akampa kitambaa kingine na chupa ya mafuta. Lango la pili lilikuwa la Gichuru, mwenye stoo aliyemjua tangu utotoni. Hulda alibisha, akaita jina lake, kisha akajitaja na yeye. Pazia lilisogea kidogo. Alipiga magoti akaanza kusugua, na ndani akasikia kabati likiburutwa kuziba mlango.