Hirizi Iliyoyeyuka

Watu walisema sitajenga hata banda la kuku. Leo nina diploma yangu na nyumba ya ghorofa hapa Tanga. Lakini fundi akilowesha udongo, ile harufu hunirudisha Durban, kwenye fleti yetu ya mtaa wa Umbilo, tulikoishi nikiwa mtoto.

Baba alikuwa baharia. Rafiki yake Mthailandi alimpa hirizi ya udongo uliochanganywa na majivu ya ubani, ndani ya kijumba cha plastiki. Kabla hajasafiri, baba akamvisha mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na homa, imlinde.

Homa ilipozidi, mama aliitoa ile hirizi kijumbani akaitia kwenye kikombe cha maji, kama kwetu Tanga tunavyofanya kombe, aya zinazoandikwa kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akayanywa.

"Mama, baba alisema ni ya kuvaa," nikamwambia.

"Nyamaza wewe. Dawa ya shingoni itafika lini tumboni?"

Udongo ukayeyuka kama biskuti. Mdogo wangu akanywa wote, akacheka, ana masharubu ya tope. Kesho yake tulimzika.

Baba aliporudi, mama alimkabidhi kile kijumba kitupu.

"Alikunywa?"

"Alimaliza."

"Alikunja uso?"

"Hapana, mume wangu. Alicheka."

Baba akakifuta kwa shati lake, akakivaa kitupu hivyohivyo.